Baba Alivyoiba Sauti Yake Mwenyewe

Aliyenikosa gazetini wiki iliyopita asihangaike, misiba yangu haina haraka ya kuondoka. Naitwa Illuminée. Nililelewa Bujumbura, naishi Nyakabanda hapa Kigali, na kazi yangu ni kupiga video za posa na harusi na kuzirusha moja kwa moja mtandaoni, ili shangazi aliyeko Kanada na mjomba aliyeko Ubelgiji walie pamoja nasi bila kukata tiketi ya ndege.

Baba yangu, mzee Bigirimana, yeye anasifu ng'ombe. Kwetu ng'ombe wa mahari hawapokewi kimyakimya. Wakishakubaliwa, anasimama mtu na fimbo yake, anawasifu kwa majina, pembe, ukoo na mwendo, maneno yakikimbizana mpaka msikilizaji ndiye anayeishiwa pumzi. Baba ameifanya kazi hiyo tangu nikiwa mtoto, na nusu ya mabinti wa mtaa wetu wameolewa chini ya sauti yake.

Miaka kadhaa nyuma alikuja kijana mmoja wa ng'ambo na kinasa sauti, akamrekodi Baba kwenye posa moja huko Kabeza. Alisema ni kwa ajili ya makumbusho. Makumbusho yenyewe yakawa disko. Alimwekea Baba ngoma za kompyuta, akautoa kama wimbo wake, ukapigwa hadi kwenye baa za Gisimenti, vijana wakatingisha viuno bila kujua kwamba anayesifiwa ni ng'ombe.

Kisha wimbo ukauzwa kwa kampuni. Kampuni ina mashine inayosikiliza kila video duniani, haili, hailali, haiendi hata msalani. Mashine hiyo ilipomsikia Baba kwenye video zangu, ikapiga yowe la mwizi.

Nimeshapewa maonyo mawili. La tatu likija, chaneli yangu inafutwa yote, na harusi zote nilizowahi kupiga zinakwenda nayo, maana nakala sihifadhi kwingine. Hapo ndipo tulipoachana.

Nilichowaficha wiki iliyopita ni kwamba posa iliyokuwa inakuja Jumamosi ni yangu mimi.

Ndiyo, yangu. Najua mtaa wote unasema nimechelewa. Wanawake wa pale kwenye bomba la maji waliacha kuniuliza nitaolewa lini, wakaanza kuniuliza kama nalala vizuri. Baba peke yake hakuniuliza kitu. Alikuwa na ubeti alioutunga siku niliyozaliwa, ubeti wa ng'ombe wangu, na hajawahi kuutamka mbele ya mtu yeyote. Aliniwekea.

Sasa mtu ameniwekea kitu maisha yangu yote, na siku yake imefika, na mashine ya watu nisiowajua inasema akifungua mdomo ni mwizi.

*

Jumatatu asubuhi alikuja Aurore, mteja wangu, na simu mkononi.

"Illuminée, angalia bwana yangu. Iko anafungua mudomo, anafunga. Sauti hakuna."

Nikaangalia. Ilikuwa harusi yake. Msemaji anaongea, bubu. Padri anabariki, bubu. Mama yake Aurore analia, bubu. Mashine ilikuwa imemsikia Baba kwa dakika chache akisifu ng'ombe, ikanyamazisha sherehe nzima, pamoja na padri.

"Ni madai ya haki miliki," nikasema. "Kuna kampuni inasema sauti ile ni yake."

"Sauti ya mzee Bigirimana?"

"Ndiyo."

"Mzee Bigirimana ameiuza?"

"Hapana."

"Sasa kampuni imeipata wapi?"

Tangu maonyo yaanze nimesoma kanuni za mtandao ule mpaka macho yakawasha, na swali la Aurore halimo.

"Bibi yangu iko Montréal, anaangaliaka hii video kila Jumapili," akasema Aurore. "Sasa anafikiri masikio yake imekufa. Wamemupeleka kwa daktari."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Akaondoka, na alipofika mlangoni akageuka.

"Na ya kwako ya Jumamosi? Nayo itakuwa bubu?"

*

Mtandao unakuruhusu kuweka pingamizi. Wanasema ni haki yako. Unaandika jina lako kamili, namba ya simu, mahali unapoishi, na unakubali kwamba wakitaka kukushtaki watakushtaki, hata katika mji ambao wewe umeuona kwenye filamu tu. Kisha hayo yote wanampelekea mtu anayekulalamikia. Yaani umeibiwa, unakwenda kulalamika, nao wanamwelekeza mwizi nyumbani kwako.

Mimi nilikuwa nimeyajaza. Jumanne gari safi likasimama mbele ya nyumba yetu.

Akashuka mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, viatu ambavyo vumbi la Nyakabanda liliviogopa. Akajitambulisha kama mwakilishi wa kampuni hapa Kigali. Alikulia Kampala, Kinyarwanda chake kinachechemea, kwa hiyo yeye na Baba wakazungumza Kiswahili, kila mmoja na cha kwake. Alitaja jina lake haraka huku akikaa, mimi nikiwa jikoni namtafutia fanta, sikulishika. Mngejua jinsi nilivyolijutia hilo.

"Mzee, mimi nimekuja na amani," akasema. "Kampuni haina shida na wewe. Shida iko na video."

"Video gani?"

"Zile ziko na sauti."

"Video zote ziko na sauti, mwanangu."

"Sauti ya kampuni."

Baba akanitazama, akamtazama mgeni. "Kampuni nayo inajua kusifu ng'ombe?"

Mgeni akatabasamu kwa subira ile ya mtu anayelipwa kutabasamu. Akaweka simu yake mezani, kioo juu, karibu na glasi ya Baba. Mimi niliiona ile simu. Mtu anayeishi kwa kurekodi watu, niliiona na sikufikiria kitu.

"Mzee, wacha nikuulize kama mtoto wako. Yale maneno ya ng'ombe, ni ya kwako?"

Baba akainamisha macho. "Oya, hapana. Si ya kwangu. Yalikuwako mbele yangu. Mimi niko mudomo tu."

"Na sauti?"

"Sauti ni ya Mungu. Mimi nimeazimwa."

Mgeni akaichukua simu yake, akabonyeza, akaitia mfukoni.

"Asante sana mzee. Umetusaidia."

Niwaeleze, maana hapa ndipo tulipoangamia. Msifu ng'ombe aliyelelewa hawezi kusema maneno ni yangu. Ukimsifia, anakataa. Anasema si yangu, nimeyakuta, mimi ni mdomo tu. Na aliyemuuliza anajua zamu yake, anamrudishia: basi sisi tunakupa, yawe yako. Hapo wote wanacheka, wanaendelea kunywa. Baba amesema maneno hayo kwenye kila posa ya maisha yake, na kila mara amerudishiwa. Mgeni hakurudisha, aliyachukua akaondoka nayo.

Baba alikuwa bado anangoja kurudishiwa. Nilimwona. Alikaa na kichwa chake chini, anangoja.

"Sasa mzee," mgeni akaendelea, akitoa karatasi, "kwa sababu umesema mwenyewe si ya kwako, ni rahisi. Unatia sahihi hapa kwamba ni ya kampuni. Halafu kampuni inakupa ruhusa ya kusifu. Bure kabisa. Na chaneli ya huyu dada inabaki."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kutumia sauti."

Baba akashika koo lake, taratibu, akalipapasa.

"Hii?"

"Hiyo."

"Na nikikohoa?"

Mgeni akacheka. Baba hakuwa anatania.

"Fikirieni," akasema mgeni akiinuka. "Mimi Jumamosi niko na shughuli ya familia. Nitarudi Jumatatu kuchukua karatasi. Bila sahihi, video yoyote yenye sauti ile itakuwa onyo la tatu. Mimi sitaki, lakini mashine haina ndugu."

*

Alipoondoka nikampandishia Baba sauti, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

"Umemwambia nini yule mtu?"

"Nimemujibu kwa adabu."

"Amekurekodi, Baba. Ataipeleka kwa wanasheria. Watasema mwenyewe amekana."

"Kukana?" Baba akashangaa kweli. "Mimi nimekana nini? Kila mutu anajua yale maneno yanasemwaka vile."

"Wao hawajui."

"Sasa kama hawajui, wanauliza mambo ya ng'ombe ya nini?"

Tukakaa. Fanta ya mgeni ilikuwa bado imejaa, hakuigusa, na hilo nalo lilinikera.

Kisha Baba akasema, bila kunitazama, "Jumamosi ng'ombe ni wako. Ukiniambia niimbe, nitaimba. Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza."

Nilifikiria kutorusha. Lakini ukoo wetu nusu uko nje, na Baba mwenyewe alisema ubeti ule ni wa kusikiwa na wote, si wa kunong'onezwa uani. Nikafikiria kurusha bila Baba. Nikafikiria bibi wa Aurore huko Montréal, na maharusi wangu wote, na wazee wale ambao wameshafariki na sasa wanacheza kwenye video zangu tu. Mashine haichagui ubeti. Ikisikia koo lile, inafunga.

"Nyamaza, Baba," nikasema.

"Sawa," akasema. Akaenda kuisimamisha fimbo yake nyuma ya mlango.

Niandikie magazeti mpaka nizeeke, sitasahau alivyosema ile sawa.

*

Jioni ileile akapiga simu Sangwa, mchumba wangu. Sangwa anafanya kazi kwenye maghala ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, anakaa Kabeza, na ni mtu mpole mpaka wakati mwingine natamani kumtikisa.

"Upande wetu mambo iko sawa," akasema. "Baba Mdogo amekubali kuwa msemaji."

Huyu Baba Mdogo ndiye aliyemlea Sangwa huko Kampala baada ya wazazi wake kufariki. Amerudi Kigali mwaka huu. Kila tulipopanga kuonana alikuwa safarini, nami nilimjua kwa jina hilohilo tu la Baba Mdogo, kama yeye alivyonijua kama mchumba wa Sangwa tu.

"Amechoka lakini," Sangwa akaendelea. "Leo alikuwa huko kwenu Nyakabanda, kazi yake ya mambo ya nyimbo. Anasema amekutana na mzee mmoja mkaidi sana."

Nikakaa chini.

"Sangwa. Baba Mdogo anaitwa nani?"

"Rutayisire. Kwa nini?"

"Anavaa suti ya kijivu?"

"Ana tatu."

Sikumficha hilo. Nilimweleza yote, karatasi, simu iliyokaa mezani, ruhusa ya koo.

"Tafuta msemaji mwingine," nikamwambia.

"Illuminée, yeye ndiye baba niliye naye. Nitamwambiaje akae nyuma?"

"Mwambie ni mwizi."

"Si yeye. Ni kampuni."

"Kampuni haikunywa fanta yetu." Hata yeye hakuinywa, lakini nilikuwa na hasira.

"Nitaongea naye," Sangwa akasema.

"Usiongee naye," nikajibu haraka, maana wazo lilikuwa limeshaniingia. "Usimwambie hata kwamba nyumba ni ileile. Acha aje."

Na hapa naungama, ndugu msomaji, maana nimeahidi kusema yote. Nilimwacha mchumba wangu aamini kwamba nimekubali yaishe. Asubuhi nikaenda kwa Ilyasi.

*

Ilyasi ni fundi viatu, jirani yetu, na ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wetu. Hakuna ulimi kama wake Nyakabanda nzima.

Aliyewahi kukaa kwenye posa zetu anajua: upande wa mwanamume huja ukijishusha. Msemaji wao anaombaomba, anataniwa, anaulizwa maswali ya ajabu, na kila anachoulizwa anajibu kwa unyenyekevu. Akiulizwa mmekuja na nini, anasema hatuna kitu, tulicho nacho chote ni chenu. Asiposema hivyo anaonekana hajalelewa.

"Nataka aseme hivyo kwenye laivu," nikamwambia Ilyasi. "Halafu umwambie amrudishie Baba sauti yake. Mbele ya watu. Akikubali, ninao ushahidi, mwakilishi wa kampuni mwenyewe. Baba ataimba."

Ilyasi akaacha kushona.

"Na akikataa?"

"Hawezi kukataa kwenye posa."

"Unachezea ndoa yako."

"Nachezea ya nani mwingine?"

Akacheka, akakubali. Baba hatukumwambia. Tulijiona tuna akili sana.

*

Jumamosi hema mbili zikasimama zikitazamana. Mimi nilikuwa ndani, nimevaa mushanana, vazi letu la sherehe linalofungwa begani, maana bibi harusi haonekani mpaka upande wa mwanamume upewe jibu na aitwe. Nilikaa kitandani na Shangazi Nyirarukundo, dada yake Baba, tukiangalia posa yangu kwenye simu yangu. Kijana wangu Nasiri ndiye aliyeshika kamera nje. Maneno yalisemwa kwa Kinyarwanda, nawaandikia kwa Kiswahili.

Rutayisire akaingia mbele ya watu wake, amejifunga kitambaa cha heshima begani. Kamera ikamfuata. Akainua macho, akamwona Baba kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Nilikuza picha kwa vidole viwili. Tabasamu lilikuwa palepale, ila hakuna mtu nyuma yake.

"Karibuni," akasema Ilyasi. "Mbona mgeni amesimama kama anayeijua nyumba?"

Watu wakacheka. Rutayisire akakaa. Wakaanza utani wa kawaida, njia ilikuwaje, mmepotea au mmetumwa, huyu binti mlimwona wapi. Nikiri, mtu yule alikuwa fundi. Kinyarwanda chake kilichechemea kwa namna ambayo wazee waliipenda. Shangazi alianza kumpenda.

"Msemaji wao mzuri," akasema.

"Ngoja," nikasema.

Ilyasi akasogeza maikrofoni. "Sasa mmekuja kutuomba binti. Mmekuja na nini?"

"Hatuna kitu," Rutayisire akainama. "Tulicho nacho chote ni chenu."

"Chote?"

"Chote."

"Hata cha kazini kwako?"

Watu wakacheka tena. Rutayisire naye akacheka, alikuwa amenogewa. "Hata cha kazini."

"Vizuri. Basi kabla hatujazungumza habari ya binti, mrudishie mzee Bigirimana sauti yake."

Kicheko kikafa kwanza upande wetu, kisha upande wao. Kwenye simu yangu nilimwona Sangwa akigeuza kichwa taratibu kuelekea nyumbani, kuelekea dirisha langu. Alikuwa ameelewa. Nikahisi aibu ikinipanda shingoni, nikaimeza.

"Sauti gani?" akauliza Rutayisire.

Hapo Ilyasi akafanya jambo ambalo hatukupanga. Alimpungia mkono kijana wa muziki, na spika zikaanza kutoa ule wimbo wa disko wenye sauti ya Baba, kwa nguvu zote, kwenye uwanja wetu.

"Sauti hii," akasema Ilyasi.

Mimi mtaalamu wa laivu, mimi niliyesoma kanuni mpaka macho yakawasha, nilipiga kofi la furaha. Sikukumbuka kabisa kwamba mashine nayo inatazama posa yangu.

Muziki ukazimwa. Rutayisire akasimama, akatengeneza kitambaa begani. Hakuonyesha hasira. Alizungumza kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Wazee wangu, tusichanganye mambo. Niliyosema ni maneno ya adabu tu. Kila mtu anajua. Hayana sheria ndani yake."

Baba, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, akainua kichwa.

"Hata yangu ya Jumanne yalikuwa ya adabu," akasema.

Alisema taratibu, bila maikrofoni, nami niliyasikia kupitia ukuta kabla hayajafika kwenye simu. Wazee wa upande wao, ambao hawakujua habari ya Jumanne, waliielewa yote kwa sentensi ile moja. Mmoja akamgeukia Rutayisire akamuuliza, "Ulimrekodi mtu akisema si yangu, na hukumrudishia?"

Nilishika mkono wa Shangazi. Nilishinda, ndugu zangu. Kwa pumzi moja hivi nilishinda, na yote yalikuwa yamerekodiwa.

Simu ikawa nyeusi.

Nikadhani ni chaji. Kisha maandishi meupe yakatokea. Matangazo haya yamesitishwa kwa sababu ya madai ya haki miliki. Nikagusa chaneli yangu. Chaneli hii haipo tena.

Nikagusa tena, nikagusa jina la Aurore, nikagusa harusi ya kwanza niliyowahi kupiga. Haipo, haipo. Maneno ya adabu ya Rutayisire, jibu la Baba, swali la yule mzee, vyote vimekwenda na maharusi wangu wote na wafu wao. Ushahidi wangu niliukabidhi kwa mashine mwenyewe, na wimbo wa kuichokoza nikauongeza juu.

"Nini?" akauliza Shangazi.

"Imefungwa."

Huko nje nikamsikia Nasiri akipaza sauti, "Laivu imekatika. Chaneli imefutwa." Kisha viti vikaanza kukwaruza chini, vingi kwa pamoja. Sauti ya Rutayisire ikasema, "Jamani, twendeni. Hatukuja kutukanwa." Sikusikia sauti ya Sangwa hata kidogo.

Nikasimama. Shangazi akanivuta mushanana.

"Kaa. Hujaitwa. Binti akitoka kabla ya kuitwa hakuna posa tena, amejitoa mwenyewe."

Nikakaa. Sina simu ya kutazamia, sina hata kamera, nasikiliza viti.

Kisha nikasikia fimbo ikigonga ardhi.

Nimeisikia fimbo ile maisha yangu yote. Lakini hakuna ng'ombe waliokubaliwa, hakuna jibu lililotolewa, na Baba hajawahi kusifu ng'ombe ambao bado ni mali ya waliowaleta. Nilikuwa nimemwambia anyamaze kwa ajili ya chaneli. Chaneli haipo tena. Alikuwa amemsikia Nasiri kama nilivyomsikia mimi.

Akaanza. Bila maikrofoni, bila spika. Haukuwa ubeti ninaoujua, na mimi nazijua beti zake zote.

"Ng'ombe huyu hakuchelewa kufika," akasema Baba. "Njia ndiyo iliyokuwa ndefu."

Nililia. Siwaongopei, nililia mpaka poda ya uso ikateremka. Miaka yote ya bombani, na huyu mzee alikuwa na jibu lake tangu siku niliyozaliwa, amelifunga mdomoni.

Viti vikaacha kukwaruza. Nikavuta pazia kidogo, nitazame kwa jicho moja.

Upande wa mwanamume wote walikuwa wamesimama, nusu yao wakielekea barabarani. Sangwa peke yake alikuwa bado amekaa, mikono kwenye magoti, anamtazama Baba. Baba alikuwa amewageukia ng'ombe waliofungwa kwenye uzio, amefumba macho, anaendelea.

Nyuma yake, hatua chache tu, Rutayisire alikuwa ameinua simu. Kioo kilikuwa kimegeukia dirisha langu, na namba nyekundu za kurekodi zilikuwa zinakwenda, zikiumeza ubeti wangu.

Shangazi alinishika kiuno kwa mikono miwili. "Illuminée. Hujaitwa."

Nikatoka.